Dereva Asiyeuliza Njia

Pale hospitalini Kibondo tulikuwa na madereva wanne, lakini ukisema "Dereva" bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema nani. Wale wengine walikuwa na majina. Yeye alikuwa na cheo tu, na kilimtosha. Hata alipostaafu na kununua Noah kuukuu ya kukodisha, watu sokoni waliendelea kusema, "Dereva huyo anapita." Mimi ni muuguzi, mtu wa Singida niliyeletwa huku na barua ya ajira nikazoea. Miaka kumi na mmoja nilikaa kiti cha pembeni yake, boksi la chanjo miguuni, tukizungukia vijiji ambavyo havikuwa na zahanati. Naandika habari zake kwa sababu ugonjwa uliomchukua ulianza mbele ya macho yangu. Nimesomea kuona wagonjwa, na yeye sikumwona.

Hakuwa mrefu. Alikuwa na masikio makubwa na koti la kaki alilolivaa jua liwake lisiwake, kifungo kimoja cha rangi tofauti na vingine. Asubuhi, kabla ya kuwasha gari, aliufuta usukani kwa kitambaa, taratibu, kisha akakikunja kitambaa mara nne na kukiweka chini ya kiti. Kofia aliining'iniza kwenye gia akisimama. Akikasirika hakugomba, alizima redio. Ukiona redio imezimwa, ulijua umekosea jambo, na kazi yako ilikuwa kulitafuta mwenyewe.

Mambo yake yalikuwa yanapingana, na ukimwambia hivyo alikubali. Alikataza watu kula karanga ndani ya gari, eti maganda yanaingia kwenye reli za viti, na yeye mwenyewe aliendesha mkono mmoja, wa pili una hindi la kuchoma. Alinihubiria mkanda kila siku na wa kwake aliukalia. Madereva wa mwendo kasi aliwaita wachimba makaburi, lakini tukifika mteremko mrefu wa kushukia mtoni aliachia gia, gari likatelemka kimya, naye akasema anaipumzisha injini. Kanisani alionekana kwenye misiba tu. Hata hivyo hakuvuka daraja lolote bila kuvua kofia, na nilipomuuliza sababu akasema maji yamemla rafiki yake, basi anayasalimia ili yasimkumbuke.

Vijiji hakuvijua kwa majina yaliyoko kwenye ramani ya wilaya. Alivijua kwa watu. Ukimwomba akuelekeze mahali, alikwambia, "Nenda mpaka kwa yule mzee aliyeoza mabinti watatu wiki moja, kata kushoto. Utamkuta mama mmoja anauza mihogo, ana kovu hapa. Kwake usikate. Pita." Nikimwambia yule mzee wa mabinti alishazikwa, hakubabaika. "Amekufa yeye," alisema, "kona haijafa." Na kweli, akipita pale alipunguza mwendo, akapiga honi moja fupi, akaendelea. Njia nzima ilikuwa honi fupi kama hizo, kwa wazima na kwa marehemu, na mwanzoni nilidhani anafukuza kuku.

Kitu kimoja hakukifanya maisha yake yote: kuuliza njia. Watu aliwauliza habari za ng'ombe, za mvua, za mtoto aliyekwenda Dar asirudi. Njia hapana. "Dereva akiuliza njia," alikuwa akisema, "abiria anaanza kusali." Nakumbuka siku moja tunatafuta kitongoji kipya upande wa kuelekea mpaka wa Burundi, barafu kwenye boksi inayeyuka, nami roho juu kwa sababu ya chanjo. Tulikizunguka kilima mara tatu. Kina mama waliokuwa wanavuna maharage walitutazama mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu mmoja akasema neno kwa Kiha na wote wakacheka mpaka wakashika viuno. Nikamuuliza Dereva amesema nini.

"Anasema tumekuja kuwapimia shamba," akanijibu, uso mkavu.

"Basi simama umuulize."

"Sista, ukiuliza mara moja utauliza maisha."

Tulifika. Alifuata moshi wa jiko la shule, akasema penye moshi mkubwa saa nne asubuhi pana uji wa watoto, na penye watoto ndipo tunapokwenda. Barafu ilikuwa imebaki vipande viwili. Sikuzungumza naye mpaka jioni, na aliniachia redio ikiwaka njia nzima ili nijue kwamba yeye hana kinyongo.

Usimdhanie mtu mgumu. Mama mmoja alishikwa na uchungu ndani ya gari letu, mvua inanyesha, zahanati iko mbali mbele na hospitali iko mbali nyuma. Dereva alisimamisha gari, akashuka, akasimama mlangoni ametupa mgongo huku amelishika koti lake limefunguka pande mbili kuzuia mvua isiingie. Alisimama hivyo mpaka mtoto akalia. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye masikio. "Sijaangalia, Sista," akasema, akiwa bado ametazama porini. Yule mama alitaka kumpa mtoto jina lake. Akamkatalia kwa heshima. "Mwite jina la babu yake. Hili langu linataka leseni."

Halafu ikaja lami. Watu wa huku tuliisubiri lami miaka na miaka, na ilipofika ilitutoa ushamba na kutuongezea mwingine. Nyumba za kandokando zikapigwa alama nyekundu za X, zikabomolewa. Kona zikanyooshwa, vilima vikakatwa katikati, njia panda zikasogezwa. Nyumba ya mzee wa mabinti ilikwenda, mahali pa mama wa mihogo pakawa mtaro wa zege. Kwa muda tulipotea wote. Mimi mwenyewe nikitoka Kasulu nilipitiliza njia ya kwangu mara mbili, na nina akili zangu timamu.

Kwa hiyo Dereva alipoanza kupotea, tulicheka. Alimpeleka abiria wa hospitali kwenye godauni la mahindi. Alikwenda Kasulu kumchukua mtu akarudi jioni peke yake, na alipoulizwa mtu yuko wapi, akauliza mtu gani. "Lami imemchanganya mzee," tukasema. Ikawa msemo wa mtaani: mtu akivaa shati nje ndani, "lami hiyo." Yeye alicheka pamoja nasi, tena alikuwa wa kwanza kucheka. Leo najua kwa nini aliwahi.

Na mengine niliyaona, nikayapa jina la uzee. Mama yangu alipofariki, Dereva ndiye aliyenipeleka stendi alfajiri, akanishikia mfuko mpaka basi likaondoka. Baada ya miaka miwili tulikutana mbele ya duka la dawa akaniuliza, "Mama huko Singida hajambo?" Iliniuma. Nikajiambia ni maneno ya salamu tu, mzee wa watu hayafikirii. Nikamjibu, "Hajambo, Dereva." Angekuwa mgonjwa kitandani ningemwandika kwenye faili palepale.

Asubuhi moja ya Jumamosi alikuja kwangu, kofia mkononi. Alikataa kukaa.

"Sista, nisindikize Kasulu. Nataka kununua GPS."

Nilicheka mpaka nikakaa mimi. Mtu aliyezunguka kilima mara tatu asiulize njia, leo anataka chombo cha kuuliza. Alinisubiri nimalize.

"Ukimaliza, vaa viatu," akasema.

Duka lilikuwa la bwana mmoja wa asili ya Tanga, mwenye kofia ya kiua na maneno laini, anauza redio za magari, spika na taa. Alimwita Dereva "mzee wangu" na akamtolea vifaa vitatu juu ya kaunta, akavipanga. Cha kwanza kilikuwa skrini kubwa ya kuchukua mahali pa redio. Kinaonyesha ramani, kinacheza hata picha za video, lakini ramani yake inategemea bando la simu.

"Milimani kwetu hakuna mtandao," Dereva akasema. "Kikizima nitafanya nini, nitazame muziki?"

Cha pili kilikuwa kidogo, cha kubandika kwenye kioo cha mbele. Ramani imo ndani yake tayari, kinasoma satelaiti, hakitaki bando. Na unaweza kukifundisha: ukisimama mahali, unabonyeza, unapaandikia jina utakalo wewe, siku nyingine ukiligusa jina hilo kinakurudisha. Cha tatu hakikuwa na skrini kabisa. Ni kiboksi cha kufichwa chini ya kiti, kina laini ya simu ndani, nacho kazi yake ni kumwambia mtu mwingine kwa simu gari liko wapi.

"Mzee wangu, kwa umri huu mimi ningekushauri hiki," mwenye duka akasema, akikisogeza kile cha tatu. "Wanao wanakaa na wasiwasi. Binti yako akifungua simu yake tu, anakuona. Lolote likitokea, mara moja wako nawe."

Dereva alikiangalia bila kukigusa.

"Mimi sitaki kinachomwambia mtu nilipo," akasema. "Nataka kinachoniambia mimi nilipo."

Nilimsikia kwa masikio yangu haya. Nikaona ni kiburi chake cha kawaida, nikafurahi kuwa bado anacho.

Akakichukua kile kidogo akakiuliza njia ya Munanila, kwao, ambako amezika mama yake. Kikachora mstari: Kasulu, halafu upande wa Buhigwe, mpaka Munanila. Aliutazama mstari, kisha akanitazama mimi. Akakiuliza Kibondo. Akautazama mstari, akanitazama. Akakiuliza Manyovu, vilevile. Nilidhani anakipima kifaa ili anionyeshe kinavyojua kidogo. Kila aliponitazama nilitikisa kichwa kukubali, kwa utani, kama mwalimu anayesahihisha, naye kila mara alishusha pumzi.

Mwenye duka akanigeukia. "Sista, wewe ndiye uliyekuja naye. Unaonaje?"

"Mpe hiki kidogo," nikasema. "Huyu si mtu wa kupotea. Hicho cha chini ya kiti wape wanaoibiwa magari."

Dereva alisimama kidogo, kama mtu anayengoja sentensi iendelee. Nilipokaa kimya akasema, "Haya, nifungie hicho."

Wiki zilizofuata tulikifundisha. Kila Jumamosi aliendesha, mimi niligusa kioo na kuandika, maana vidole vyake vilikuwa vinene na vilibonyeza herufi mbili kwa mpigo. Alisimamisha gari kando ya lami mpya, mahali ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa mtaro, akafikiri, wakati mwingine kwa muda mrefu, halafu akasema, "Andika: kwa mzee wa mabinti." Tukaenda. "Andika: mama wa mihogo." Tuliwaandika marehemu na wazima. Nikajua, au nilijiambia najua, kwamba anawaachia madereva vijana urithi. Nilimsifia hivyo ofisini, nikasema mzee anaandika kitabu kwenye kioo. Siku ya mwisho tulisimama mbele ya geti lake mwenyewe.

"Andika: kwangu."

"Na chumba cha kulala je?" nikamtania. "Tusipaache."

"Chumba nitakitafuta mwenyewe," akasema, akacheka kabla yangu.

Binti yake ni mwalimu pale Kasulu. Alinipigia simu mwezi uleule. Baada ya shikamoo na habari za kazi, akaenda moja kwa moja.

"Mama, nakuuliza wewe kwa kuwa uko naye. Baba yuko sawa? Nataka nimchukue akae kwangu, na ufunguo wa gari nimwondolee. Kaka zangu wanasema namwonea."

"Ni lami tu, mwanangu," nikamwambia. "Imetusumbua wote. Na sasa ana GPS yake. Ukimnyang'anya gari utamuua."

"Una hakika?"

"Mimi ni nesi. Ningejua."

Akanishukuru. Maneno yale manne yananiamsha mpaka leo.

Mwanzo wa mvua za vuli Dereva aliondoka Kibondo asubuhi bila kuaga, akaenda. Siku ya pili bila simu yake kupokelewa, binti akaanza kulia kwenye simu, ndugu wakaingia barabarani na pikipiki, mimi nikaomba ruhusa kazini nikakaa stendi ya Kibondo nikiwauliza makondakta wa kila basi. Nilikuwa naukumbuka ule ulimi wangu dukani. Kile kiboksi cha chini ya kiti kingetuambia alipo, au walau mtandao ulipomwachia, kabla hata hatujaanza kumtafuta.

Walimpata siku ya tatu, kwenye njia ya mashamba ya tangawizi huko Munanila, si mbali sana na nyumba ya kwao. Kina mama waliokuwa wanakwenda kulima ndio waliolikuta gari, mafuta yamekwisha, magurudumu yamezama. Yeye hakuwa kwenye usukani. Alikuwa amekaa kiti cha abiria, kiti changu, amefunga mkanda, amelowa, anatetemeka. Walipomuuliza anafanya nini hapo, aliwajibu kwa upole kwamba anamsubiri dereva. GPS waliikuta imezimwa, imefungwa ndani ya kitambaa cha usukani kilichokunjwa mara nne. Baadaye binti yake alimuuliza kwa nini aliizima. "Ilikuwa inanibishia," akasema.

Alilazwa kwa kifua, akapona kifua. Mengine hayakurudi. Binti akamchukua Kasulu, gari likauzwa, na mimi nikaanza kuwa na kazi nyingi. Kila mwisho wa wiki nilikuwa na sababu. Mvua, zamu, meno. Ukweli ni kwamba niliona haya. Kasulu nilikwenda mara tatu kwa shughuli zangu, nikapita mtaani kwao nikitazama upande wa pili wa barabara. Hakuna aliyenilaumu, hata binti yake, na hilo lilinizidishia.

Mwishowe nilikwenda. Nilibeba migebuka mikavu anayoipenda. Binti alinipokea, akanikumbatia, akanitangulia mpaka barazani. Dereva alikuwa kwenye kiti cha plastiki, amevaa sweta la mkwewe lililompwaya, amekonda, masikio yamebaki makubwa vilevile.

"Baba, mgeni wako huyu," binti akasema, akaingia ndani kuchemsha chai.

"Shikamoo, Dereva."

"Marahaba, mama. Karibu ukae."

Aliniita mama. Miaka yote hiyo sikuwahi kuwa mama kwake, nilikuwa Sista. Nikakaa. Nikawaweka wale samaki chini.

"Umetoka wapi?" akaniuliza, kwa adabu ya kumpokea mtu asiyemjua.

"Kibondo."

Akageuka vizuri kwenye kiti. "Kibondo nina mtu wangu. Nesi mmoja. Mtu wa kucheka sana. Unamfahamu?"

Nikasema namfahamu kidogo.

"Tulikuwa tunakaa hivi," akasema, akanyoosha mkono pembeni yake, kwa upana uleule wa kiti hadi kiti ndani ya gari. Akauacha mkono hapo kwa muda. "Kichwa kilipoanza kuniacha, nikaona wa kumwambia ni yeye. Lakini utaanzaje? Mimi dereva. Mdomo ukawa mzito. Basi nikamchukua twende dukani, tukanunue mashine ya njia. Nikasema moyoni, huyu ni nesi. Akiniona mimi natafuta mashine ya njia, ataelewa. Ataniuliza, na mimi nitamjibu."

"Hakukuuliza?"

"Alicheka." Alilisema bila uchungu, hata alitabasamu, kana kwamba anaisikia sauti yenyewe. "Ana kicheko kizuri."

Kutoka ndani nilisikia binti anagonganisha vikombe. Nilitaka kumshika mkono nimwambie ni mimi, nimwombe radhi, nimuulize sasa lile swali, lakini niliogopa kwamba nikimwambia ataona aibu mbele yangu, kama alivyoiona siku zile zote.

"Ukirudi, msalimie," akasema.

"Nimwambie na haya uliyoniambia?"

Akalivuta sweta mabegani.

"Hapana. La dukani usimwambie, ataumia. Msalimie tu."

Nikamwambia sawa, nitamsalimia tu.